Lisansi yenye inaisha: kusoma Beryl Markham tukiwa Butembo



Kwetu Congo neno lisansi liko na maana mbili, lakini ni nadra kuzisikia pamoja. Kuna lisansi ya chuo kikuu, ile wazazi wanauza mbuzi na kahawa ili tuipate. Kuna na lisansi ya rubani, karatasi yenye inamruhusu mtu kushika usukani wa ndege. Zote mbili zinatolewa kisha masomo na mitihani. Tofauti ni hii: ya kwanza, ukiisha kuipata, ni yako mpaka kaburini. Ya pili inaisha. Usiporuka, usipopimwa na daktari, usiporudi kukaa karibu na mwalimu, unabaki na karatasi mkononi na miguu chini.

Kitabu chenye kilinisukuma kufikiri hivi ni West with the Night cha Beryl Markham, kilichotoka mwaka 1942. Ni kumbukumbu za mwanamke Mwingereza mwenye alikulia Kenya na akafanya kazi ya urubani huko katika miaka ya 1930, kwa ndege ndogo za mbao na kitambaa. Nasema hukumu yangu mapema: kitabu kinapita zile sifa za kimapenzi zenye watu wanakipa, lakini kiko na mashimo yenye hatuwezi kuyafumbia macho. Sisi vijana wasomi wa Kivu tukisome juu ya namna kinavyoeleza kujifunza kazi na kuilinda.

Najua mutaniuliza: sisi watu wa Beni na Butembo, na hii michezo ya wazungu kuruka kwa raha, wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Wengi wetu hizi ndege za zamani tulizijua kwa filamu kabla ya kitabu. Out of Africa ya Sydney Pollack ilitoka mwaka 1985 na ikapata Oscar 7. Mnaikumbuka ile ndege ya njano, Gipsy Moth, yenye mabawa mawili yaliyopangwa juu na chini, Robert Redford nyuma, Meryl Streep mbele, ndege wa ziwani wanatawanyika chini yao, muziki unapanda. Ni picha nzuri, siwezi kukataa. Lakini kuna pahali Karen anamuuliza Denys alijifunza kuruka lini, na Denys anajibu kwa mzaha kwamba ni jana. Ule mzaha njo shida yangu na filamu. Unatufundisha kwamba kuruka ni kipaji cha mtu mzuri wa sura, kitu cha kuvaa kama kofia. Hatuoni saa za mazoezi, hatuoni mwalimu, hatuoni mtu mwenye anafungua injini na mikono yake inajaa oili.

Na historia ya kweli ilikuwa kali kuliko filamu. Denys Finch Hatton alikufa tarehe 14 Mei 1931, ndege yake ilipoanguka muda mfupi kisha kuruka pale Voi. Hakufa peke yake: mtumishi wake Mkikuyu, Kamau, alikuwa naye ndani na alikufa naye. Filamu inatuletea habari ya kifo cha Denys tu, na kaburi lake kwenye vilima vya Ngong. Abiria hana jina. Sisi wenye kila siku tuko abiria, hilo tunaliona haraka.

Markham alikuwa karibu apande ile ndege. Anaeleza kwamba Finch Hatton alimwalika kwenda Voi, na mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, akamwomba asiende. Anaisimulia bila kulia sana. Njo ukubwa wa kwanza wa kitabu: mwandishi anajua ndege inaua, na haongezi sukari.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa mfugaji wa farasi. Yeye mwenyewe alifundisha farasi wa mashindano kabla ya kugusa ndege. Halafu anakutana na Tom Black, na masomo yanaanza. Kama muko na haraka, someni angalau hiyo sura. Siku moja anaelekeza ndege upande wa vilima vya Ngong. Hewa yenye inashuka kutoka mlimani inaikamata ndege na kuivuta chini. Black anaona yote na ananyamaza. Anangoja mpaka mwanafunzi aone mlima unakaribia na ndege haipande, njo anashika usukani na kugeuza. Kisha anamwambia kwamba angeweza kumwonya mbele, lakini hakutaka kumnyang'anya haki yake ya kukosea.

Nilisimama pale na kufikiria namna tulivyofundishwa. Ni wangapi kati yetu walifanya mazoezi ya shamba kwenye ubao? Katika promosyo nyingi mwanafunzi anaweza kufika kwenye memwari bila kupoteza hata mche mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Black alimpa mwanafunzi hatari yenye kipimo, na yeye akakaa karibu. Anayejifunza udongo wa milimani anahitaji mwalimu wa namna hiyo, mwenye anamwacha apande mstari vibaya kwenye mteremko, mvua ibebe udongo, halafu wahesabu pamoja.

Mwaka 1931 Markham alipata lisansi ya kwanza, ile ya kuruka kwa ajili yake mwenyewe. Mwaka 1933 akapata ile yenye iliitwa lisansi B, yenye inamruhusu rubani kulipwa. Hii ya pili anaieleza kwa heshima kubwa, juu ilimtoa katika uanafunzi na kumpa mkate. Lakini ona: hakuna pahali anapumzika juu yake. Karibu kila sura iko na hesabu. Mafuta ni ngapi, upepo unatoka wapi, uwanja wenye nimeahidiwa uko na taa au hauna. Mtu mwenye lisansi katika hiki kitabu ni mtu mwenye anahesabu kila siku upya.

Sura ya kwanza njo ushahidi. Mwaka 1935 anaombwa kubeba chupa ya oksijeni usiku kutoka Nairobi mpaka Nungwe, kambi ya wachimba dhahabu upande wa Tanganyika karibu na Ziwa Victoria, sababu kuna mgonjwa wa mapafu mwenye anakufa. Hakuna redio ya kumwongoza. Uwanja ni kipande cha ardhi kilichosafishwa, na mioto imewashwa kwa kuonyesha njia. Anatua. Pale anakuta tena mtu mwingine anakufa kwa homa, anakaa naye kidogo. Kesho yake, njiani, anatafuta rubani mwenzake mwenye amepotea juu ya Serengeti, na anamkuta mzima.

Sisi wa hapa hiyo sura hatuisomi kama hadithi ya ajabu. Ebola ilipotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, kuanzia Mangina, chanjo ilipaswa kutunzwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Fikiria hiyo baridi juu ya barabara zetu za udongo. Bila ndege ya kutua Mavivi, ile chanjo ingefikaje kwa wakati? Ugonjwa ulitangazwa umeisha tarehe 25 Juni 2020, kisha watu 2,287 kufariki. Tunajua chupa moja yenye inafika kwa wakati inabeba nini.

Sasa nirudi kwenye ile raha. Watu wanaoruka na ndege za zamani leo, huko Uingereza, Ufaransa au Marekani, wanafanya kwa mapenzi tu. Hakuna mshahara. Mtu anafanya kazi wiki nzima, na Jumamosi anakwenda kusukuma nje ndege yenye umri wa babu yake. Pale Old Warden, Uingereza, mkusanyo wa Shuttleworth uko na ndege ya aina ya Moth iliyotengenezwa mwaka 1928, yenye Richard Shuttleworth aliinunua mwaka 1932. Imeendelea kuruka mpaka karne hii. Mbao, kitambaa kilichopakwa rangi, nyaya za chuma, injini ndogo.

Kwa haraka tunasema: pesa za kuchezea. Ni kweli, bila pesa hauruki. Lakini angalia kanuni zenye wamekubali kujifunga nazo. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linadai rubani wa binafsi awe na saa 40 za kuruka kwa uchache kabla ya lisansi. Kabla ya miaka 40 ya umri, cheti cha daktari kinadumu miezi 60. Ukipita 40, kinapungua mpaka miezi 24. Katika Umoja wa Ulaya, ruhusa ya ndege ya injini moja inadumu miaka 2. Kwa kuirefusha bila mtihani mwingine, rubani aonyeshe saa 12 za kuruka ndani ya mwaka wa mwisho, na angalau saa moja kati ya hizo akiwa na mwalimu. Na kama anataka kubeba mtu mwingine, awe ameruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Hata akiwa na miaka 30 ya urubani, hata akiwa profesa. Kila kitu kinaandikwa: rubani iko na kitabu chake cha saa, ndege iko na chake, injini iko na chake.

Hapa njo nataka tusimame, juu inatugusa moja kwa moja. Sisi wa Butembo na Beni tunaishi chini ya ndege za zamani kila wiki, lakini kwetu si raha. Barabara ya Goma imekatwa na vita, barabara ya Kasindi na ile ya Mambasa ziko na makaburi yao, na tangu uwanja wa Goma ulipofungwa Januari 2025, macho yote yanaangalia Mavivi na Rughenda. Tunajua Let 410, ndege ya Chekoslovakia yenye iliruka mara ya kwanza mwaka 1969, na Antonov za wakati wa Wasovieti, kwa sauti tu kabla hazijatokea juu ya kilima. Tunapimwa kilo pamoja na mifuko yetu, tunafunga mkanda, tunasali.

Na maombi yetu yako na sababu. Tarehe 24 Novemba 2019, Dornier 228 yenye ilikuwa inakuja Beni iliangukia nyumba za watu Goma, muda mfupi kisha kuruka. Watu zaidi ya 20 walikufa, pamoja na wengine wenye walikuwa chini kwenye mtaa wao. Mashirika yote ya ndege yaliyoandikishwa Congo yamekatazwa anga ya Umoja wa Ulaya, juu ya Ulaya haina imani na usimamizi wetu.

Kwa hiyo tunapoona ndege ya 1928 inapaa vizuri Uingereza, tusiseme uchawi wa wazungu. Uzee wa ndege peke yake haiko dhambi. Dhambi ni ndege yenye kitabu chake hakisomwi, na karatasi yenye inarefushwa ofisini bila mtu kuona rubani akitua. Wale wapenzi wa Jumamosi wanaweza kuniambia nani alibadilisha kipande gani na mwaka gani. Abiria wa Rughenda angepewa hiyo habari, angesali kwa amani kidogo.

Tena, ile raha ilizaa kazi. Klabu ya wanaanga ya Afrika Mashariki ilianzishwa Nairobi mwaka 1927. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson akaanzisha Wilson Airways, na uwanja wa Wilson unabeba jina lake mpaka leo. Kwenye huo uwanja njo wanafanyia kazi madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanza mwaka 1957. Mmoja wa waanzilishi, daktari Michael Wood, alikuwa yeye mwenyewe anaruka. Inchi yenye haina watu wa kupenda kitu bila mshahara, inakosa baadaye watu wa kukijua vizuri kwa mshahara.

Sasa mashimo ya kitabu. La kwanza ni arap Ruta. Katika utoto wa Markham anaitwa Kibii, mtoto wa Kinandi, wanacheza pamoja, wanawinda pamoja. Wanapokua, Kibii anakuwa arap Ruta, na anakuwa mtumishi. Anasafisha ndege, anaingoja, anaijua. Markham anaona ule mgeuko na anaandika juu yake kwa uchungu, na hiyo ni heshima kwake. Lakini hafiki kwenye swali la pili: juu ya nini arap Ruta hakujifunza kuruka? Mtu mwenye alikuwa karibu na injini miaka yote hiyo, mwenye akili ambayo mwandishi mwenyewe anaisifu! Kenya ile ya walowezi ilikuwa imejibu kabla swali halijaulizwa, na kitabu kinakubali jibu kwa kunyamaza.

Shimo la pili ni tembo. Markham alikuwa kati ya watu wa kwanza kufanya kazi ya kutafuta tembo kwa ndege ili matajiri waje kuwapiga. Anaandika mashaka yake, kisha anaendelea na kazi. Kwa sisi wenye Virunga iko mlangoni, na tumeona wanyama wake wanavyopungua, ile sura inasomwa kwa moyo mzito. Ndege ile ile yenye ilibeba oksijeni ilionyesha bunduki pahali pa kwenda. Chombo hakichagui.

La tatu ni ukimya juu ya maisha yake. Aliolewa, akazaa, akatengana, na karibu hakuna kitu kwenye kurasa. Kuna tena ubishi wa zamani kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, njo aliandika kitabu au sehemu kubwa. Mimi sitaamua hilo. Ninaona tu kwamba sura za ndege ziko na ujuzi wa mikono wenye mtu hawezi kuazima, na zile sura njo nguvu ya kitabu.

Mwisho wake unajulikana. Septemba 1936 Markham aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, kuvuka Atlantiki upande wa magharibi, kwa ndege aina ya Vega Gull. Kisha saa zaidi ya 20 injini ilikosa mafuta juu ya barafu iliyoziba hewa ya tangi la mwisho, na akaangukia kwenye matope ya Cape Breton, Canada. Alipona. Angeweza kumaliza kitabu pale, kwenye sifa. Anachofanya ni kuendelea kidogo, mpaka pale sifa zimepoa na maisha yanaendelea. Nilipenda hilo.

Turudi kwetu. Nilimaliza kilimo, na wengi mnaosoma hapa muko na karatasi kama yangu. Hebu tujiulize kwa kipimo cha rubani. Kiwavijeshi vamizi, mdudu wa mahindi kutoka Amerika, alionekana Afrika mwaka 2016. Mtu mwenye alipata lisansi ya kilimo mwaka 2015 hakumsoma darasani. Mnyauko wa ndizi wa bakteria ulionekana kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 upande wa Masisi. Wenye walimaliza kabla hawakuufundishwa. Wazee wa Beni wanakumbuka robusta ilivyokauka kwa trakeomikozi katika miaka ya 1990, na wakulima wakahamia kakao bila kungoja sisi. Karatasi zote hizo bado ziko na muhuri, na hakuna mtu anatuuliza: katika siku 90 zilizopita, ulikanyaga shamba la nani?

Mutanijibu: rubani bila ndege atarukaje? Kazi haiko, mashamba ya Beni yana waasi, na mwenye lisansi anauza vitenge sokoni ili kula. Ni jibu la kweli, na kitabu hakilitatui. Markham alikuwa na marafiki wenye pesa, na ngozi yenye ilifungua milango. Lakini hata kule, wenye hawakuweza kununua ndege peke yao waliunda klabu: ndege moja, watu kumi, mafuta kwa kuchangia, na kitabu cha saa mezani. Hilo tunaweza. Chama chetu kiko na watu wa kilimo, wa udaktari, wa ujenzi, wa sheria. Kila kundi lifungue kitabu chake cha saa. Sisi wa kilimo tukodi kipande kimoja karibu na mji, pahali pa salama, na kila mwanachama aandike saa zake 12 kwa mwaka, moja kati yake akiwa na mkulima mzee mwenye anamwangalia na kunyamaza mpaka kosa lionekane. Mwenye hana saa asiende kutoa mashauri kwa mkulima. Rubani bila siku zake 90 habebi mtu.

Kwa hiyo West with the Night ninawashauri mukisome, na penseli mkononi. Wenye Kiingereza kinawasumbua, sura ya Nungwe na zile za mafunzo na Tom Black ziko fupi, mutazimaliza kwa siku mbili tatu. Sura za tembo na za arap Ruta tuzijadili pamoja, sababu hapo njo tutagombana vizuri. Filamu muiangalie kwa muziki wake, ila mkumbuke kwamba kwenye ile ndege ya Voi kulikuwa na Kamau.